Nani Dereva wa Gari Lisilo na Dereva?

Mwezi Septemba 2025, katika mji wa San Bruno ulio kusini ya San Francisco, nchini Marekani, askari polisi walikuwa barabarani usiku wakiwasaka madereva walevi. Mbele ya macho yao gari moja likageuza njia mahali ambapo sheria inakataza kugeuza. Askari wakalisimamisha, nalo likasimama. Walipochungulia dirishani hawakuona mtu nyuma ya usukani. Lilikuwa gari la kampuni ya Waymo, gari linaloendeshwa na kompyuta yake lenyewe. Idara ya polisi ya mji huo ilieleza baadaye kwamba hakuna aliyeandikiwa kosa, kwa kuwa kitabu cha kuandikia makosa hakina nafasi ya kumwandika roboti. Kampuni ikaarifiwa, na gari likaenda zake.

Ndugu wasikilizaji, wengi waliopata habari hiyo walicheka, na ilistahili kuchekwa. Lakini ndani ya kichekesho hicho limo jambo zito ambalo mataifa yenye mitambo hiyo hayajalimaliza, na ambalo mataifa ya Afrika Mashariki hayana sababu ya kulidhani kuwa ni la wengine. Chombo kimekosea, nani aulizwe?

Tangu zamani jibu la swali hilo halikuhitaji wanasheria. Jembe likimkata mtu mguu haliulizwi jembe, huulizwa aliyelishika. Punda akivamia kibanda cha muuza vyungu, hutafutwa mwenye punda. Motokaa zilipoingia duniani mambo yalibaki hayo hayo. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani uliotiwa saini Vienna mwaka 1968 ulisema kwa maneno machache kwamba kila chombo kinachotembea barabarani sharti kiwe na dereva. Waliouandika hawakudhani wanaweka sharti gumu. Ilikuwa kama kusema kila mtoto awe na mama. Hata hivyo ilipofika mwaka 2022 ilibidi kifungu kingine kiongezwe, ili sharti hilo lihesabike kuwa limetimizwa hata pale ambapo kinachoendesha ni mtambo.

Safari ya kufikia hapo haikuwa ndefu. Mwezi Machi 2004 Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kwa mkono wa shirika lake la utafiti, iliandaa mashindano ya magari yasiyo na madereva katika jangwa la Mojave, kwa zawadi ya dola milioni moja. Njia ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 200. Gari lililofika mbali kuliko yote lilikwama baada ya kilomita 12 hivi, na zawadi haikupata mwenyewe. Mwaka uliofuata magari matano yalimaliza njia yote, la kwanza likiwa la Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2009 kampuni ya Google ilianza kazi yake yenyewe, ambayo ndiyo iliyozaa Waymo. Mwezi Oktoba 2020 abiria wa kawaida katika eneo la Phoenix, jimbo la Arizona, waliweza kuita gari la kukodi na kuletewa gari ambalo kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Je, wananchi wa huko wanalionaje jambo hili? Uchunguzi wa maoni uliotangazwa mwaka 2025 na AAA, chama kikubwa cha wenye magari nchini Marekani, ulionyesha kwamba watu 61 katika kila 100 waliogopa kupanda gari linalojiendesha, na waliosema wanaliamini walikuwa 13 tu. Kabla ya hapo, mwaka 2022, kituo cha utafiti cha Pew kilitangaza kwamba asilimia 44 ya Wamarekani waliona kuenea kwa magari hayo kutakuwa jambo baya kwa jamii, asilimia 26 wakaona ni jambo jema, na waliosalia wengi wao hawakuwa na hakika. Yafaa ikumbukwe kwamba hao si watu wa kijijini ambao hawajapata kuona kompyuta. Ni watu wa nchi ambayo magari yenyewe yanaundwa humo.

Wengine hawakuishia kutoa maoni kwa midomo. Huko Chandler, Arizona, katika miaka ya kwanza ya majaribio, magari hayo yalirushiwa mawe na kupasuliwa matairi. Wakati wa kiangazi cha 2023 vijana wa San Francisco waligundua kwamba ukiliwekea gari hilo koni ya plastiki juu ya boneti, ile inayotumiwa na mafundi wa barabara, husimama hapo hapo na kuduwaa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Februari 2024, katika shamrashamra za mwaka mpya wa Kichina, umati wa watu ulilivunja vioo na kulichoma moto gari moja lililokuwa halina mtu ndani. Kuchoma mali ni uhalifu na hakuna haja ya kuutafutia jina zuri. Lakini kusema kwamba waliofanya hivyo walikuwa wahuni tu, kisha kufunga mjadala, ni kukwepa kuuliza hasira hiyo imetoka wapi.

Wakubwa wa makampuni wanayo majibu yao, na yanafanana. Husema kwamba binadamu huogopa kila kipya, kisha huzoea. Mfano wanaoupenda ni wa lifti. Zamani kila lifti ilikuwa na mtu wake wa kuiendesha, na wapo watu walioingia katika lifti isiyo na mwendeshaji wakatoka mbio. Septemba 1945 waendesha lifti wa New York waligoma, na shughuli za majumba marefu zikasimama. Miaka iliyofuata lifti za kubonyeza zilienea, na leo hakuna anayeuliza aliko mwendeshaji.

Mfano huo ni mzuri, ila unapungukiwa. Lifti haitoki katika shimo lake. Haimkuti mtu ambaye hakuipanda. Jumba lina mwenyewe anayejulikana, na kamba zikikatika si vigumu kujua ni nani wa kupelekwa mahakamani. Gari hutembea katika njia ya watu wote. Mama anayevuka na mtoto mgongoni hakutia saini karatasi yoyote ya kukubali kushiriki katika majaribio ya mtu.

Mfano mwingine ni wa bendera nyekundu. Mwaka 1865 Uingereza ilipitisha sheria iliyoagiza kwamba mbele ya kila gari la mvuke barabarani atangulie mtu kwa miguu, kiasi cha mita 55, akishika bendera nyekundu, na mwendo usizidi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mjini. Sheria hiyo huchekwa sana katika mikutano ya wauza mitambo. Lakini wanaocheka huishia nusu ya hadithi. Mabaki ya masharti hayo yalifutwa kwa magari mepesi mwaka 1896. Mwaka huo huo mwanamke mmoja aligongwa na motokaa kwenye viwanja vya Crystal Palace, London, akafa, na afisa aliyechunguza kifo chake akaeleza tumaini lake kwamba jambo la namna hiyo halitatokea tena. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, katika mwaka 2021 peke yake watu wapatao 1,190,000 walikufa katika ajali za barabarani. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati.

Hesabu hiyo, kwa haki, ndiyo hoja kubwa ya wanaoyatetea magari haya, na haifai kuipuuza. Kompyuta hailewi, haisinzii saa nane za usiku na haiandiki ujumbe wa simu huku ikishika usukani kwa goti. Ripoti ya watafiti wa Waymo ya mwaka 2025, iliyohusu safari za maili milioni 56.7, yaani zaidi ya kilomita milioni 91, ilisema kwamba magari yao yalipata ajali za kujeruhi watu chache sana kuliko madereva wa kawaida katika miji hiyo hiyo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hesabu hizo ziliandikwa na wenye gari. Hata hivyo zilitolewa hadharani ili wengine wazikague, jambo ambalo si kila kampuni ya namna hiyo imelifanya. Aidha, tume ya jimbo la California ilipokaa Agosti 2023 kuamua kama magari hayo yaruhusiwe kubeba abiria kwa malipo usiku na mchana mjini San Francisco, miongoni mwa waliosimama kuyaunga mkono walikuwa vipofu, waliochoka kukataliwa na madereva wa teksi kwa sababu ya mbwa wao wa kuwaongoza. Waliopinga ni pamoja na wakuu wa zimamoto, ambao magari hayo yalikuwa yakiwazibia njia wakienda kuzima moto. Tume iliruhusu kwa kura tatu dhidi ya moja.

Basi si kweli kwamba upande mmoja una akili na upande mwingine una woga. Anayesema "siliamini" mara nyingi hana maana kwamba mtambo hauwezi kukata kona. Anauliza: likinigonga, nitamshika nani shati?

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, Arizona, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga mwanamke mwenye umri wa miaka 49 aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli. Alikufa. Inaaminika kuwa ndiye mwenda kwa miguu wa kwanza duniani kuuawa na gari linalojiendesha. Baraza la taifa la usalama wa usafiri lilichunguza kwa zaidi ya mwaka mzima, na yaliyoonekana yanastahili kuelezwa polepole.

Gari lilikuwa limemwona. Lilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, muda ambao dereva wa kawaida aliye macho angeweza kusimama. Lakini mtambo haukujua umeona nini. Mara uliamua kwamba ni gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila ulipobadili mawazo ulisahau mwendo uliokwisha kuuona na kuanza kukisia upya kitu hicho kinaelekea wapi. Haukumtambua hata mara moja kuwa ni mtu anayetembea, kwa sababu waliouandika hawakuuandalia uwezekano wa mtu kuvuka mahali pasipo na kivuko. Ikumbukwe pia kwamba gari hilo lilitoka kiwandani Volvo likiwa na breki yake ya dharura ya kujifunga yenyewe, nayo ilikuwa imezimwa ili isigongane na mtambo mpya. Zaidi ya hayo, wenye mtambo, kwa kuchoshwa na breki za bure, walikuwa wameuwekea muda wa sekunde moja ya kungoja kabla ya kuchukua hatua.

Ndani ya gari alikuwamo mwanamke mwingine, mwajiriwa aliyewekwa kuangalia mtambo na kushika usukani mambo yakiharibika. Macho yake yalikuwa chini mara kwa mara. Wachunguzi walisema simu yake ilikuwa ikionyesha kipindi cha televisheni. Hapo awali kila gari la majaribio lilikuwa na wafanyakazi wawili, mmoja wa kutazama njia na mwingine wa kuandika kumbukumbu. Miezi michache kabla ya ajali kampuni ilimwondoa wa pili. Yeyote aliyepata kusafiri na lori la masafa marefu anajua utingo ana kazi gani saa za usiku. Anapiga soga ili dereva asilale.

Je, nani aliulizwa? Baraza lililaumu wengi: mwajiriwa, kampuni kwa uzembe wake katika mambo ya usalama, na jimbo kwa kufungua barabara zake bila usimamizi wa kutosha. Lakini lawama ya ripoti si hukumu. Machi 2019 mwendesha mashtaka alitangaza kwamba haoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Aliyeshtakiwa ni mwajiriwa peke yake, na mwaka 2023, baada ya kukiri kosa la kuhatarisha maisha, alipewa miaka mitatu ya kuwa chini ya uangalizi. Kampuni ilikwisha kupatana na jamaa za marehemu kwa fedha siku chache tu baada ya kifo, na mwaka 2020 ikaiuza idara yake ya magari hayo. Wale walioandika kwamba mtu havuki pasipo kivuko hawakusimama mbele ya hakimu yeyote.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo ilipo kasoro ya jina lenyewe, "gari lisilo na dereva". Gari hilo lina dereva. Isipokuwa dereva huyo amekatwa vipande vipande, na kila kipande kimewekwa mahali pake, mbali na macho ya abiria.

Kipande kimoja kilikuwa Nairobi. Kompyuta haizaliwi ikijua mtu ni nini, mti ni nini au taa nyekundu ni nini. Sharti ionyeshwe picha kwa maelfu na maelfu, na katika kila picha awepo binadamu aliyekwisha kuchora mpaka kuzunguka kila kitu na kukitaja jina: huyu mtu, hii baiskeli, huu mstari wa njia, lile anga. Mwaka 2018 ilielezwa wazi na waandishi wa habari waliotembelea ofisi za kampuni ya Samasource mashariki ya Nairobi jinsi vijana wa Kenya, wengine wakitokea Kibera, walivyoketi mchana kutwa mbele ya kompyuta wakifanya kazi hiyo hiyo kwa ajili ya makampuni ya ng'ambo. Kampuni hiyo ilikuwa pia na ofisi Gulu, kaskazini ya Uganda. Malipo yalikuwa kiasi cha dola 9 kwa siku. Kwa kijana aliyekuwa akipata dola 2 hayo yalikuwa maendeleo ya kweli, na ingekuwa ni unafiki kuyabeza. Mwanzilishi wa kampuni, Leila Janah, ambaye alifariki mwaka 2020, alieleza kwamba mishahara mikubwa zaidi ingevuruga soko la kazi la mahali hapo. Hoja hiyo inashangaza kidogo. Hakuna anayeonekana kuwa na wasiwasi kwamba mishahara ya wahandisi wa California inavuruga bei ya nyumba za California, ingawa inaivuruga sana.

Tena ni kazi isiyo na mizizi. Machi 2024 shirika la Remotasks, ambalo lilikuwa likiwapa Wakenya wengi kazi za namna hii kwa njia ya intaneti, liliwafungia milango ghafula. Aliyekuwa akijipatia kodi ya chumba kwa kuifundisha mashine akaamka akakuta hana kazi na hana ofisi ya kwenda kuulizia. Kondakta wa basi akifukuzwa, anamjua mwenye basi.

Kipande kingine kimo katika vyumba ambamo watu hukaa mbele ya vioo wakiyasaidia magari yaliyopotelewa. Novemba 2023 mkuu wa kampuni ya Cruise, iliyokuwa mali ya General Motors, alikiri kwamba magari yake yalisaidiwa na binadamu walio mbali kwa asilimia 2 hadi 4 ya muda wa safari. Wananchi wa San Francisco walikuwa wakipishana nayo kwa miezi mingi wakiamini kwamba yanajiamulia yenyewe.

Kukiri huko kulikuja baada ya balaa. Tarehe 2 Oktoba 2023, mjini San Francisco, gari lililoendeshwa na mtu lilimgonga mwanamke na kumrusha mbele ya gari la Cruise, kisha mgongaji akakimbia. Gari la Cruise likamgonga, likasimama. Kisha, kwa kuwa lilikuwa limeandikiwa kwamba baada ya ajali lisogee kando lisizibe njia, likaondoka tena kwenda kando huku mwanamke akiwa chini yake, na kumburuta mita 6 hivi. Binadamu yeyote, hata mlevi, angesikia kilio. Lakini mateso ya mwanamke huyo si ndiyo yaliyoiangusha kampuni. Kilichoiangusha ni kwamba haikuwaeleza wakuu wa serikali habari za kuburuta. Leseni yake ilisimamishwa tarehe 24 Oktoba. Mwaka 2024 ikakiri kutoa ripoti ya uongo na kutozwa faini ya dola 500,000. Desemba mwaka huo General Motors ikaacha kugharimia biashara hiyo ya magari ya kukodi.

Kuna dalili kwamba swali la mwananchi wa kawaida limeanza kusikilizwa. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2021 inataka kila gari la namna hii liwe na mtu wa kulisimamia, binadamu mwenye jina, anayeweza kulizima. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2024 inaagiza kwamba gari linapojiendesha lenyewe, aliyeketi ndani asishtakiwe kwa namna linavyoendeshwa. Jukumu ni la kampuni iliyoruhusiwa kuliweka barabarani. Mwezi Agosti 2025 wazee wa baraza katika mahakama ya Miami, wakisikiliza kesi ya msichana aliyeuawa mwaka 2019 na gari la Tesla lililokuwa likisaidiwa na mtambo, walisema kwamba dereva, aliyeinama kuokota simu, ana makosa, lakini theluthi moja ya kosa ni ya kampuni, na wakaiamuru ilipe kiasi cha dola milioni 243. Kampuni ilisema itakata rufani. Vyovyote itakavyokwisha, hao walikuwa raia wa kawaida, si wataalamu wa kompyuta. Na California nayo, kwa sheria iliyotiwa saini mwaka 2024, imewapa askari karatasi ya kumwandikia mtengenezaji kosa la gari lake kuanzia Julai 2026.

Afrika Mashariki inasimama wapi katika haya? Yapo mambo ya barabara zake ambayo hakuna mtambo uliofundishwa Arizona utakaoyaelewa. Lori likiharibika njiani kati ya Morogoro na Iringa, utingo hukata matawi ya miti na kuyapanga barabarani mita kadhaa nyuma, na kila dereva anayeyaona hupunguza mwendo kabla hajaliona lori lenyewe. Kwa kompyuta hayo ni majani. Katika njia panda nyingi za Dar es Salaam taa huwa nyekundu na askari huwaita madereva kwa mkono wapite, na dereva mwenye akili hutii mkono. Vijana wa Nairobi waliozifundisha mashine wanajua vizuri maana ya matawi na maana ya mkono. Picha walizoletewa kuchora zilikuwa za barabara za wengine.

Lakini mtambo hautangoji mpaka barabara ziwe tayari, kwa sababu umekwisha kushuka bandarini. Magari yaliyotumika ya Kijapani yanayoingia kwa Mombasa na Dar es Salaam, Subaru kwa mfano, mengi yana kamera mbili nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, ambazo hupima umbali wa kilicho mbele na kufunga breki zenyewe dereva akichelewa. Huo si uendeshaji kamili, bali ni mkono wa pili juu ya usukani, na wenye magari hayo wengi huvijua vitufe vyake kwa kubahatisha, maana kitabu cha maelezo kimeandikwa Kijapani. Kamera hizo zataka kupimwa na kunyooshwa upya kila kioo kinapobadilishwa, kwa vifaa maalumu. Na katika barabara za kokoto vioo hupasuka kila siku.

Mtu amepasukiwa kioo. Fundi mzuri wa gereji amemtilia kingine, safi, kwa bei ya haki, wala hakuambiwa na yeyote habari za kamera. Wiki mbili baadaye, katika msafara wa magari yaendayo kasi, gari linafunga breki bila sababu, na basi la abiria linalofuata nyuma linaliparamia. Kituoni askari wa usalama barabarani atampima dereva ulevi, atatazama leseni, atauliza alikuwa mwendo gani. Dereva ataapa kwamba hakukanyaga breki. Askari aliyekwisha kusikia viapo vya kila namna hana sababu ya kumsadiki. Jina litakaloandikwa ni la huyo aliye mbele yake.